Pointi Nne za Uhai

Shujaa wa mchezo wa kuigiza wa mezani ni mhusika anayebebwa na mchezaji mmoja ndani ya hadithi inayotungwa na watu kadhaa waliozunguka meza. Mmoja wao, mwongozaji, hubeba kila kilichobaki: mvua, mazimwi, wafalme, wachuuzi, watoto wanaochunga. Wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja. Michezo mingi imefuata, na kila mmoja umelazimika kujibu swali ambalo mtambaji wa hadithi anaweza kulipita kimya: shujaa amemzidi mtu wa kawaida kwa kiasi gani? Mtambaji husema tu kwamba fulani alikuwa na nguvu kupita wote, kisha akaendelea na kisa. Mtungaji wa mchezo hana ruhusa hiyo. Lazima aandike namba ya shujaa, halafu aandike na ya muuza nyanya.

Namba ya pili ndiyo ya kusomwa kwa makini, maana ndani yake mtungaji anasema anavyomwona jirani yake. Mahali pazuri pa kuisomea ni Ishiara, mji mdogo wa soko Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, karibu na mto Thuci unaowatenga watu wa Embu na wa Tharaka Nithi. Ni nchi ya joto, ya mtama, ndengu, mbuzi na mizinga ya nyuki. Ni nchi pia iliyokuwa na vipimo vyake vya ushujaa muda mrefu kabla dadu ya pande 20 haijabingirishwa juu ya meza yoyote.

Katika kanuni za mwanzo za mchezo ule wa 1974, sifa sita za mtu, yaani nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba, zilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kuzijumlisha. Jumla ndogo kabisa ni 3, kubwa kabisa ni 18, na wastani ni 10.5. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na ni njia moja tu inayoleta 18. Ukichukua soko lenye watu 2,000, basi kwa hesabu hiyo tisa hivi kati yao wana nguvu za mwisho ambazo binadamu anaweza kuzaliwa nazo. Mmoja anapakia magunia ya ndengu kwenye lori. Mwingine anauza muguka kando ya barabara. Mwingine ni mama anayepandisha kilima kutoka mtoni na jerikani ya lita 20 mgongoni, kamba ikipita kwenye kipaji cha uso. Hawajui kwamba wana 18, na hakuna aliyewaambia. Shujaa wa mwaka 1974 alirushiwa dadu zilezile, na mpiganaji wa ngazi ya kwanza alimzidi mtu wa kawaida pointi moja tu ya uhai, yaani ya kipimo cha majeraha anayoweza kuyavumilia kabla ya kufa. Alichowazidi wale tisa wa sokoni kilikuwa hasa kuondoka nyumbani.

Huo ulikuwa ukarimu mkubwa kwa mtu wa kawaida, na haukudumu. Wachezaji walitaka wahusika wenye kung'aa. Ikazoeleka kurusha dadu nne na kuitupa iliyo ndogo, hivyo wastani ukapanda kupita 12, na nafasi ya kupata 18 ikawa moja kati ya 62 hivi badala ya moja kati ya 216. Mtu wa kawaida hakupewa dadu ya nne. Toleo la mchezo huo la mwaka 2000 lilikwenda mbali zaidi, likawatengea raia fani zao hafifu: mlalahoi, fundi, askari, bwana mkubwa na mganga, huku shujaa akiwa na fani zake, mpiganaji, mchawi na kadhalika, ambazo raia hawakukusudiwa kuzigusa. Katika kanuni za mwaka 2014, mtu wa kawaida ana 10 katika kila sifa, rungu mkononi, na pointi 4 za uhai. Mpiganaji anayeanza leo asubuhi ana 12 hivi. Akifika ngazi ya 20, ambayo ndiyo ya juu, anapita 160 kwa urahisi.

Pointi nne zinaonekana vizuri zaidi juu ya mti. Mbeere na Tharaka ni nchi ya warina asali. Mizinga ya magogo hutundikwa juu ya migunga na mibuyu, na mrina hupanda usiku na kijinga cha moshi, kamba na chombo cha kutilia masega, akijipenyeza katikati ya nyuki waliokasirika. Kanuni za 2014 zinasema kila mita 3 za kudondoka humgharimu mtu dadu moja ya pande sita. Mrina mwenye pointi 4 akiteleza kutoka mita 3, nafasi yake ya kuishiwa ni nusu kwa nusu. Akiteleza kutoka mita 6, atasalimika mara 3 tu kati ya 36. Kwa hesabu hiyo, kila mzinga ulio juu ya mbuyu ungekuwa umeshaua ukoo mzima. Shujaa wa ngazi ya 20 hana shida hiyo kabisa. Kanuni hazidai zaidi ya dadu 20 kwa anguko lolote, nazo haziwezi kuzidi 120, kwa hiyo akisukumwa kutoka kwenye mwamba mrefu kuliko wote wa kilima cha Kiang'ombe, ataumia, atainuka na kuendelea na safari.

Ukweli ni kwamba mrina asali ni hodari kuliko alivyoandikwa. Anajua tawi lipi limeoza kwa kuligonga. Anajua upepo unavuma kutoka wapi na moshi utakwenda wapi. Maarifa hayo hayana nafasi kwenye karatasi ya mtu mwenye 10 kila mahali, maana 10 kila mahali ni picha ya mtu ambaye hajawahi kufanya jambo lolote. Hilo ndilo kosa la ndani zaidi la namba hiyo. Mtu wa namna hiyo hapatikani Ishiara wala kwingineko. Kila aliyefika umri wa kuoa au kuolewa ana kitu anachokiweza kupita majirani.

Pengo linapanuka zaidi likihesabiwa kwa mali. Kanuni zilezile zinampa kibarua asiye na ufundi vipande viwili vya fedha kwa siku. Vipande kumi vya fedha ni kipande kimoja cha dhahabu, na kwa kipande kimoja cha dhahabu mtu hupata mbuzi. Basi kibarua hutoa jasho siku tano kwa mbuzi mmoja, bei ambayo mtu wa soko la Ishiara angeielewa bila kufafanuliwa. Upanga mrefu ni vipande 15, yaani mbuzi 15, siku 75 za kibarua. Deraya kamili ya bamba za chuma ni vipande 1,500. Hizo ni siku 7,500 za kazi, miaka zaidi ya 20 bila kula, bila kupumzika na bila kumlipia mtoto karo. Shujaa anapoingia kijijini akiwa amevaa deraya hiyo, amevaa mbuzi 1,500.

Kwa macho ya Mbeere ya kale hilo ni jambo la ajabu kupita zimwi lolote. Mbuzi 1,500 hawawi wa mtu aliye peke yake. Wanahitaji wachungaji, na wachungaji ni watoto wa mtu. Wanahitaji maji na malisho, na hayo hupatikana kwa maelewano na koo jirani. Wengine hukaa kwa jamaa ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote mahali pamoja. Wengine wanadaiwa tayari: mahari ya mwana, fidia ya ugomvi wa mwaka juzi, mbuzi wa wazee wa kiama, yaani baraza. Mwenye kundi kubwa alikuwa mtu aliyefungwa kwa kamba nyingi, na ukubwa wake ulikuwa ni wingi wa kamba hizo. Mali ya shujaa wa mchezo haina kamba hata moja. Ameipata ndani ya pango, kutoka kwa maiti, na hakuna anayemdai. Ndiyo maana anaweza kuwa tajiri kuliko kijiji kizima na bado akalala kwenye nyumba ya wageni kama msafiri.

Ngazi nazo zina mfano wake katika nchi hii, na ulinganisho huo ndio unaofundisha zaidi. Katika mchezo, shujaa hupanda ngazi kwa uzoefu. Anashinda, anakusanya pointi, na siku zikitimia anapanda. Mkulima aliyemkaribisha kwa uji katika kikao cha kwanza yuko palepale alipokuwa, na atafia hapo. Kwa Wambeere, Waembu na Wameru, ngazi zilikuwepo, lakini zilipandwa na rika zima. Vijana waliotahiriwa pamoja waliingia nthuke moja, yaani rika moja, wakapewa jina lao, na tangu siku hiyo walikwenda sambamba: wapiganaji, kisha waume na baba, kisha wazee wenye sauti barazani. Huko Meru, vijana wa umri wa vita walikaa pamoja katika gaaru, nyumba yao ya kambi, na majina ya marika kama Michubu na Ratanya yalirudi tena kizazi baada ya kizazi katika mzunguko.

Chini ya utaratibu huo, swali la shujaa na mtu wa kawaida hubadilika sura. Mzee anayepalilia mtama alikuwa mpiganaji miaka 20 iliyopita. Kijana anayechunga mbuzi atakuwa mpiganaji rika lake likiitwa. Ukawaida ni kipindi cha maisha ambacho kila mwanamume hupita akienda na akirudi. Hapakuwa na mlalahoi wa kudumu upande mmoja na shujaa wa kudumu upande mwingine. Palikuwa na njamba, neno la lugha za eneo hili kwa mtu jasiri, aliyewazidi wenzake wa rika. Hata hivyo walikuwa wenzake. Walimwona akilia utotoni, walisimama naye mstari mmoja siku ya kisu, nao ndio walioamua kama sifa anazojipa zimestahili.

Silaha za nchi nazo zilisaidia kulifanya pengo kuwa dogo. Wambeere, kama Watharaka na Wakamba, walikuwa watu wa upinde na mishale yenye sumu iliyochemshwa kutoka kwenye msunguti. Ndani ya sumu hiyo mna wabaini, dawa inayoukamata moyo na kuusimamisha. Mshale mmoja uliopata damu ulitosha kwa mtu yeyote, awe mdogo au mkubwa. Michezo huifanya sumu kuwa pointi kadhaa za kupunguzwa, na shujaa wa ngazi ya juu huzimeza bila kuyumba. Nchi ya msunguti isingeweza kuamini katika mtu mwenye pointi 160. Mtoto wa jirani anayejifunza kulenga ndege kwa upinde wa kijiti alikuwa, miaka kumi mbele, mtu wa kuogopwa na njamba mwenyewe.

Haki itendeke: wapo watungaji wa michezo walioliona tatizo hili na kulishughulikia. RuneQuest ya mwaka 1978 ilifuta ngazi. Mtu aliboresha ujuzi alioutumia, na mkuki uliomwingia kichwani bingwa ulimuua sawa na yeyote. Call of Cthulhu ya mwaka 1981 iliweka katikati ya hadithi watu wa kazi za kawaida, mkutubi, daktari, mwandishi wa habari, ambao karibu kila wanachokutana nacho kinawazidi nguvu. Warhammer Fantasy Roleplay ya mwaka 1986 iliwaanzisha wachezaji kama wakamata panya na wachimba makaburi. Dungeon Crawl Classics ya mwaka 2012 ilimpa kila mchezaji wanakijiji kadhaa kwa pamoja, wenye jembe na uma wa nyasi, ikawapeleka wote hatarini. Wengi hufa, na atakayebaki hai ndiye anayekuwa shujaa. Njia hiyo ya mwisho ni kali, ila inasema kweli moja muhimu: shujaa ni mwanakijiji ambaye wenzake hawakurudi.

Masimulizi ya Afrika Mashariki hayana aibu na shujaa mkubwa. Yanampenda. Fumo Liyongo wa pwani ni jitu. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe ambao mkuki hauupenyi. Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Utendi huo ulisimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 kwa siku 12, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye angetosha katika karatasi ya ngazi ya kwanza. Hata hivyo angalia jinsi ukubwa wao unavyoshikwa na watu wadogo wanaowazunguka.

Lwanda Magere anashindwa kwa sababu mkewe, mwanamke kutoka kwa maadui, anaambiwa siku ya ugonjwa achanje kivuli badala ya mwili, na kivuli kinatoka damu. Uhai wake wote uko mahali pamoja, na anayepajua mahali hapo ni yule anayempikia. Mwindo anaharibu mji wa Tubondo akimsaka baba yake, lakini baadaye anawafufua watu wake, na shangazi yake Iyangura yupo pembeni kila anapotaka kupita kiasi. Mwishoni anachukuliwa juu mawinguni mwaka mzima kuonjeshwa baridi na jua kali hadi ajifunze kutoua ovyo. Mtu aliyezaliwa na nguvu zote anafundishwa kuishi miongoni mwa wasio nazo. Hakuna mfumo wa ngazi unaojua kupanda kwa namna hiyo.

Liyongo anakaribia Ishiara kuliko inavyodhaniwa, maana maji ya Thuci huingia Tana, na Tana humwaga baharini karibu na Kipini, nchi ambayo masimulizi yake yanaiita ya Liyongo. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 umejaa watu wasio na jina kubwa. Saada, kijakazi, ndiye anayempelekea gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanajilia vilivyo vizuri na kuuacha mkate mbaya umfikie, kwa hiyo shujaa anaokolewa na chakula cha maskini. Mwanawe ndiye anayemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Naye Liyongo akijua anakufa, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, na anafia katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, wanashindwa kuteka maji. Siku zinapita mji ukiwa na kiu, mpaka mama yake aombwe kuja kumsihi. Hapo ukubwa wa shujaa unapimwa kwa ndoo tupu za wanawake wa mji. Ni kipimo cha haki kuliko dadu yoyote, na ni kipimo kinachouma.

Mbeere yenyewe inamkumbuka Cierume. Simulizi lake, ambalo Rebeka Njau na Gideon Mulaki walilichukua katika kitabu chao cha mwaka 1984 kuhusu mashujaa wanawake wa Kenya, linamweka kwanza katika uwanja wa ngoma, mcheza hodari, na kisha katika uwanja wa vita, akiongoza wapiganaji akiwa na muragi, fimbo ya kuchezea. Utaratibu wa marika uliofanya kila mwanamume awe mpiganaji kwa zamu haukuwa na mlango wa mwanamke. Cierume aliingia vitani bila kupandishwa na rika lolote, akiwa na kitu ambacho kilikuwa mkononi mwake tayari na ambacho thamani yake haifiki hata mbuzi mmoja. Kwa lugha ya mchezo, ni raia aliyekataa karatasi aliyoandikiwa. Tena hakuja na nguvu ngeni. Alikuja na mwili uliozoezwa na ngoma: miguu inayojua kugeuka ghafla, mkono unaojua uzito wa fimbo mpaka ncha. Ustadi huo watu walikuwa wameuona kila siku ya sherehe, wakauita uchezaji.

Karne ya 20 iliipa nchi hii mfano ambao haukutoka katika hadithi. Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika msitu wa Mlima Kenya, na kati ya viongozi wao wa upande wa Meru alikuwepo Musa Mwariama, aliyetoka msituni na kupokewa na Jomo Kenyatta mwaka wa uhuru, 1963. Majina ya namna hiyo yamepewa barabara na shule. Lakini msitu haulishi jeshi. Unga, chumvi, nguo, dawa na habari za doria vilitoka vijijini, mara nyingi mikononi mwa wanawake na wasichana waliojua adhabu ya kukamatwa. Serikali ya kikoloni iliielewa hesabu hiyo barabara. Kuanzia mwaka 1954 iliwahamishia watu wa nyanda za mlima katika vijiji vilivyozungushiwa miti iliyochongwa na mahandaki, na ikawalazimisha raia kuchimba handaki refu kandokando ya msitu, ili chakula kisivuke. Adui alimpima mpiganaji kwa kumhesabu mama aliyebeba unga. Mchezo unaompa mama huyo pointi 4 na rungu umeshindwa kuona kile alichokiona afisa wa doria.

Simulizi kubwa kuliko yote katika ukanda huu ni la Wameru kutoka Mbwaa, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria wamepaweka pwani, katika eneo la Lamu. Watu walikuwa chini ya Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, ambao waliwapa mitihani na kuwatishia maangamizi kama wangeshindwa. Masimulizi hutofautiana kuhusu orodha na mpangilio wake, lakini mitihani inajulikana. Tunda liko ndani ya shimo refu, litolewe bila kutobolewa: wakamimina maji mpaka likaelea juu. Kiatu kiwe na manyoya pande zote mbili: wakakikata kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya kote. Ndama atoe kinyesi cheupe: wakamlisha maziwa. Mbwa awe na pembe: wakambandika pembe za paa kwa nta. Aliyewaonyesha njia ni mzee, Koomenjwe, na katika ulimwengu wa dadu angekuwa na namba kubwa mahali pa akili. Lakini yaliyotumika yote yalikuwa mambo ya watu waliofuga, waliochota maji, waliorina asali. Mchunga ng'ombe yeyote anajua ngozi ya shingo ya fahali inakaaje. Kazi ya Koomenjwe ilikuwa kuukumbuka ujuzi wa kila mtu kwa wakati wake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Huo haukuwa na jibu, na simulizi halijifanyi kuwa unalo. Hakuna aliyepanda ngazi ghafla, hakuna silaha ya ajabu iliyotoka pangoni. Watu waliomba muda, wakasema wanakwenda kuuandaa mkuki, wakaondoka usiku. Walipofika kwenye maji makubwa hapakuwa na njia. Masimulizi mengine yanasema alihitajika mtu wa kujitoa kabla maji hayajaachana, na Gaita akasimama, na nyuma yake Muthetu na Kiuna, endapo mmoja hatatosha. Hawasemwi kuwa walikuwa na nguvu. Linalosemwa ni kwamba walisimama. Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika, na umati ukaanza kupita: wazee, wake, watoto, mifugo.

Kuvuka kulichukua usiku kucha na asubuhi yake, maana watu walikuwa wengi. Wameru waligawanya koo zao kwa kuvuka huko, na mgawanyo haukufuata jina la kiongozi. Waliopita gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliopita alfajiri, anga likiwa jekundu, wakaitwa Ntune. Waliokuwa bado njiani jua lilipochomoza, wakavuka mchana kweupe, wakaitwa Njeru.